Kilo za Eastlands

Kabla mtu wa Eastlands hajaanza kuambiwa na daktari apunguze mwili, wakubwa wa Nairobi walikuwa wameshapiga hesabu ya chakula chake, kitanda chake na mshahara wake kwa miongo kadhaa. Hesabu hiyo ndiyo iliyojenga mitaa, ikaamua nani alale wapi, na ikaacha alama katika miili ya watoto na wajukuu wa waliohesabiwa. Unene unaoonekana leo kutoka Pumwani hadi Kayole una historia ndefu kuliko sahani ya mtu mmoja, na mhudumu wa afya asiyeijua historia hiyo humtibu vibaya mgonjwa wake. Nitaonyesha hivyo kwa ugonjwa mmoja ambao wengi huudharau: ile aleji ya ngozi inayotoa vivimbe vya kuwasha vinavyohama kutoka mkono hadi mgongo, vikatoweka kabla siku haijaisha, kisha vikarudi wiki baada ya wiki. Vikizidi wiki 6, madaktari huuita urtikaria sugu. Huwapata wanawake karibu maradufu ya wanaume, na siku hizi, dawa isipofanya kazi, uzito wa mgonjwa ni miongoni mwa mambo ya kwanza kutajwa.

Tuanze na wakati ambapo mwili mwembamba ndio uliowasumbua watawala. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wa nchi hii walikusanywa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa na unga wa mahindi usioiva. Mtaa wa Kariokor umebeba jina la kikosi hicho cha wapagazi hadi leo. Wengi walioitwa walikataliwa kwa kukosa afya, na baada ya vita wazungu wenye mashamba na viwanda wakabaki na swali moja: je, kibarua huyu ana nguvu za kutosha? Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha utafiti wao maarufu kuhusu Wamaasai na Wakikuyu. Waliandika kuwa mwanaume wa Kimaasai alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, yaani zaidi ya kilo 10, wakaeleza tofauti hiyo kwa maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka na viazi upande wa pili. Wanahistoria wa baadaye wameukosoa utafiti huo kwa namna ulivyochagua watu wake na ulivyosahau ardhi iliyokuwa imechukuliwa. Hata hivyo ulifanya jambo lililodumu: uliufanya uzito wa Mwafrika kuwa suala la kazi. Mizani ilikuja kwetu kwanza kwa ajili ya mwajiri, na swali lake lilikuwa kama mwili huu unatosha kubeba mzigo.

Mitaa ya mashariki ya Nairobi ilijengwa kwa fikra hiyo hiyo. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika kukaa, mbali kidogo na macho ya Wazungu na karibu na kazi zao. Zikafuata nyumba za manispaa za Kariokor mwishoni mwa muongo huo, kisha Shauri Moyo kwa ajili ya waliofukuzwa Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Reli nayo ilikuwa na wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Manispaa haikuhesabu familia; ilihesabu nafasi za kitanda. Chumba kilikuwa cha wanaume kadhaa, na kila mmoja alilipia nafasi yake. Mshahara nao ulipangwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto mjini: chakula chake, nguo zake, kuni zake, sabuni yake. Mkewe alidhaniwa kuwa shambani akijilisha mwenyewe, akiwalisha watoto, na wakati mwingine akimtumia mumewe gunia. Chakula cha mjini kilikuwa posho, unga wa mahindi uliopimwa kwa ratili, pamoja na maharagwe yakiwepo. Kilichokosekana kwenye hesabu hiyo wanaume walikinunua kwa wanawake wa Pumwani, waliouza chai, chakula kilichopikwa na maji moto ya kuoga. Mwanahistoria Luise White ameieleza vizuri biashara hiyo: bila mapato ya wanawake wale, hesabu ya mshahara wa kapera isingekamilika hata siku moja.

Hesabu yenyewe haikuwa ya kweli, na serikali ilikuja kukiri. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama kudai uhuru wa nchi. Mwezi uliofuata, baada yake na mwenzake Fred Kubai kukamatwa, Nairobi iligoma, na miongoni mwa madai ulikuwa mshahara wa chini wa shilingi 100. Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter ikaripoti kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi, na robo ya wale wa utumishi wa umma, walilipwa kiasi kisichotosha mahitaji ya lazima ya afya na heshima ya mtu mmoja. Mtu mmoja, narudia, achilia mbali familia. Kamati ikapendekeza mshahara upandishwe hatua kwa hatua hadi umtosheleze mtu na jamaa yake. Upungufu huo ndio mzizi wa kila kitu kilichofuata. Kizazi cha kwanza cha Eastlands kililelewa kwa upungufu uliopangwa ofisini, na mama wa kizazi hicho walibeba mimba katika upungufu huo. Sayansi ya uzazi imeonyesha, katika nchi nyingi, kwamba mtoto aliyebanwa tumboni na katika miaka yake ya mwanzo hukua na mwili unaohifadhi mafuta kwa urahisi chakula kinapopatikana baadaye. Njaa ya babu haiishi kwa babu.

Baada ya Carpenter, na baada ya msako wa Mau Mau wa Aprili 1954 uliozoa maelfu ya wanaume kutoka mitaa hii, halmashauri ilijenga kwa kasi: Mbotela, Makadara, Jerusalem, Jericho na Maringo, nyingine zikiitwa Ofafa kwa kumbukumbu ya diwani aliyeuawa. Uhuru ulipofika, wake na watoto walikuja kwa wingi, na vyumba vilivyohesabiwa kwa vitanda vikawa nyumba za familia. Kilichoupata mwili wa mgeni wa mjini kiliandikwa kwa uangalifu mkubwa na Neil Poulter na wenzake, waliochapisha matokeo yao katika jarida la British Medical Journal mwaka 1990. Waliwafuata Wajaluo waliotoka kijijini karibu na Ziwa Victoria kuja Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, kwa vipimo vilivyorudiwa hadi miaka 2. Presha yao ilianza kupanda mapema, chumvi katika mkojo ikawa nyingi kulinganisha na potasi, na uzito wa mwili ukawa miongoni mwa vipimo vilivyoambatana zaidi na kupanda huko. Watu hawa hawakuwa wamebadilika ukoo. Walikuwa wamebadilisha anwani.

Na anwani ina kazi nyingi kuliko tunavyodhani. Chukua sufuria moja ya githeri. Mahindi makavu na maharagwe hutaka saa kadhaa za moto. Shambani kuni hukusanywa na moto huwaka huku kazi nyingine zikiendelea. Katika chumba kimoja cha Dandora au Pipeline, moto ni mafuta ya taa au gesi, na kila dakika inalipiwa. Chapati, mandazi na chipsi huiva upesi, hushibisha, na hubebwa mkononi kwenda kazini. Mafuta ya kupikia yalikuwa yanatengenezwa hapo hapo, ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, katika viwanda vya Industrial Area vilivyotoa Kimbo, kisha yakafika dukani yakiuzwa kwa kipimo kidogo ambacho hata mwenye shilingi chache aliweza kukinunua. Sukari ikawa hivyo hivyo. Mboga za sukuma wiki hazikupotea, ila nazo zikaanza kukaangwa kwa mafuta mengi. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za awali, na safari ndefu ya miguu ikapungua kwa walioweza nauli. Mradi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975, uliwapa watu kiwanja na choo wajijengee wenyewe. Miaka ilivyopita viwanja hivyo, na vya Kayole na Umoja, vikapandishwa ghorofa hadi mtoto akakosa pa kuchezea mpira isipokuwa kwenye ngazi. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililokusudiwa kunenepesha watu. Yote yalikuwa majibu ya busara kwa bei ya moto, ya nafasi na ya muda.

Matokeo yameandikwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008 na 2009, mwanamke 1 kati ya 4 wa umri wa kuzaa nchini Kenya alikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 wakawa 1 kati ya 3, na uchunguzi wa 2022, uliohesabu wenye miaka 20 hadi 49, ulipata 45 kati ya 100. Nairobi imekuwa juu ya wastani wa nchi. Ila takwimu inayoniuma zaidi inatoka Korogocho na Viwandani, ambako kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia kaya kwa miaka mingi. Utafiti uliotolewa 2015 kuhusu mitaa hiyo ulikuta watoto 46 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na mama zao 32 kati ya 100 wana uzito uliozidi. Mama mnene na mtoto aliyedumaa wanakula sufuria moja. Anayedhani unene ni dalili ya shibe aitazame kaya hiyo: kalori zipo, lakini maziwa, nyama na matunda ni haba.

Wapo watakaosema kuwa kula ni hiari, na kwamba kuilaumu historia ni kumpa mtu kisingizio. Pingamizi hili lina nguvu, kwa sababu katika ploti moja utawakuta jirani wawili wenye kipato sawa, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Tofauti ya mtu na mtu ipo, na sehemu yake ni urithi wa damu, sehemu ni mazoea. Lakini hiari haielezi kwa nini taifa zima limehama upande mmoja katika muda wa chini ya miaka 15. Wanawake wa Kenya hawakupoteza nidhamu wote kwa pamoja kati ya 2008 na 2022. Mambo yanayobadilika kwa mamilioni kwa wakati mmoja hutafutiwa chanzo katika bei, kazi na makazi. Na kujua chanzo hakumzuii mtu kuchukua hatua. Kunamzuia mwingine kumdharau.

Wengine watasema kwamba Waafrika walipenda unene tangu zamani, kitambi kikiwa cheo na mwili mnene ukiwa uzuri wa mwanamke. Kuna ukweli hapo, ila kwa Eastlands ukweli mkubwa zaidi ni wa juzi. Miaka ya 1980 Ukimwi ulipoingia, kliniki ya Majengo, Pumwani, ndiyo iliyokuwa kitovu cha utafiti mkubwa wa wanawake waliofanya biashara ya ngono, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Elizabeth Ngugi na Frank Plummer wakiwa miongoni mwa waanzilishi. Nchini Uganda ugonjwa huo ulipewa jina la wembamba wenyewe. Kufikia Novemba 1999, Rais Moi alipoutangaza janga la taifa, kupungua kilo kulikuwa kama kutangaziwa msiba mtaani. Mtu aliyekonda alinong'onwa, akakosa kazi, akakosa mchumba. Dawa za kurefusha maisha zilipofika katika hospitali za umma miaka ya 2000, kilo zilizorudi zilikuwa ushahidi wa uhai. Watu waliopita hapo hawawezi kuambiwa leo, kwa sentensi moja ya daktari mwenye haraka, kwamba mwili walioupigania ndio adui wao.

Hofu hiyo ya wembamba ilizaa soko, na hapa hadithi ya uzito na ya aleji zinakutana mahali pa ajabu. Siproheptadini ni dawa ya aleji, ya ukoo ule ule wa vidonge vya kutuliza ngozi inayowasha. Moja ya athari zake ni kuamsha hamu ya kula. Kwa sababu hiyo imetumiwa na vijana wengi, Kinshasa hasa, kama dawa ya kuongeza mwili, na sharubati iitwayo Apetamin yenye kiambato hicho imeuzwa kwa njia za panya hadi Uingereza, ambako wakuu wa afya walitoa onyo dhidi yake mwaka 2021. Basi dawa inayotibu vivimbe vya ngozi yaweza pia kuongeza kilo. Prednisoloni, ambayo mgonjwa wa kuwashwa hupewa mara kwa mara anapozidiwa, huongeza kilo kwa hakika zaidi ikitumiwa muda mrefu, huku ikipandisha sukari na presha; ndiyo maana miongozo ya kimataifa inakataza kuitumia kwa muda mrefu katika urtikaria sugu. Mgonjwa akilaumiwa kwa unene baada ya miaka miwili ya dawa hizo, kuna swali la haki la kuuliza: kilo ngapi alikuja nazo, na ngapi alipewa kliniki?

Jibu lingepatikana kwa urahisi kama angepimwa tangu mwanzo. Vituo vya afya vya Eastlands si vigeni kwa mizani. Tangu hospitali ya uzazi ya Pumwani ianze mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mitaa hii imejua umuhimu wa uzito wa mtoto. Kila mama anaijua ile mizani ya kuning'inia, mtoto akivishwa suruali ya kitambaa, akilia, muuguzi akisubiri mshale utulie kisha atie nukta kwenye kadi ya kliniki. Mgonjwa wa kifua kikuu naye hupimwa, kwa kuwa idadi ya vidonge vyake hufuata kilo, kutoka 2 kwa mwepesi hadi 5 kwa aliyepita kilo 70. Hakuna anayemhubiria mgonjwa wa kifua kikuu kuhusu kilo zake. Zinageuzwa kipimo cha dawa, basi. Lakini mtu mzima mwenye aleji ya ngozi hupewa kidonge kimoja cha setirizini cha miligramu 10, awe na kilo 48 au 110, kisha huambiwa aache mayai, samaki na nyanya, ingawa urtikaria sugu mara nyingi haitokani na chakula. Inatokana na kinga ya mwili kuzichokoza seli za ngozi zinazomwaga histamini. Kumkataza mama wa Korogocho mayai bila sababu ni kumnyang'anya protini ya bei nafuu aliyobaki nayo.

Miongozo ya kimataifa inaruhusu vidonge hivyo visivyoleta usingizi vipandishwe hadi mara 4 ya kipimo cha kawaida kabla ya kukata tamaa, kwa uangalizi wa daktari. Baada ya hapo kuna sindano ya omalizumabu, iliyokubaliwa kwa ugonjwa huu mwaka 2014, inayotolewa miligramu 300 kila wiki 4 bila kujali uzito, japo katika pumu dawa hiyo hiyo hupimwa kwa kilo za mgonjwa. Bei yake iko mbali mno na mfuko wa Eastlands. Watafiti wa Korea Kusini waliona urtikaria ikiwa kali zaidi kwa wagonjwa wenye tumbo kubwa, sukari na presha kwa pamoja, na inajulikana kwamba mafuta ya mwili hutoa kemikali zinazochochea uvimbe. Kuhusu sindano, tafiti hazijaafikiana: baadhi zimeona wanene wakipata nafuu kidogo au polepole, nyingine hazikuona tofauti. Mpinzani atasema basi ushahidi ni mwepesi mno kuujengea hoja. Nami nasema wepesi huo ndio unaomnyima mhudumu ruhusa ya kumlaumu mgonjwa. Kama uzito unapunguza nguvu ya dawa, jibu la kwanza ni kurekebisha kipimo. Kama haupunguzi, hakuna sababu ya kuutaja kwa lawama. Kupunguza kilo kuna faida yake kwa moyo na sukari, na mgonjwa anastahili kusaidiwa kufanya hivyo, lakini hakuwezi kuwa sharti la kutibiwa ngozi inayomkosesha usingizi.

Isitoshe, wagonjwa waliofanyiwa tafiti hizo wametoka zaidi Ulaya, Asia na Marekani. Hata kipimo cha kugawanya kilo kwa mraba wa urefu, kilichotokana na hesabu za Adolphe Quetelet wa Ubelgiji na kupewa jina lake la sasa na Ancel Keys mwaka 1972, kilitathminiwa kwa wanaume pekee wa nchi 5. Wanawake wa Jericho na Umoja hawajaandikwa humo. Wangeweza kuandikwa kwa kalamu na daftari ya kawaida, katika kliniki za Makadara, za Jericho na za hospitali ya Mama Lucy: tarehe, kilo, dawa, kipimo, siku ngapi za nafuu. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuanza. Ukienda kutibiwa vivimbe vinavyokurudia, omba upimwe uzito siku ya kwanza na uandikwe kwenye kitabu chako. Uliza kama kidonge ulichopewa kinaweza kuongezwa kabla hujakubali tena prednisoloni. Na ukiambiwa mwili wako ndio kosa, omba uonyeshwe kilo zako za mwaka jana.